Barua Mia Tatu Themanini na Sita

Vidole vya Fundi ni vyeusi, na si kwa uchafu. Ni unga wa wino wa mashine za kuchapia, ambao ukishaingia kwenye mikunjo ya ngozi hautoki kwa sabuni wala kwa dawa ya madoa. Kwa miaka ishirini na sita amefungua mashine za ofisi za watu, akachomoa karatasi zilizokwama, akabadilisha rola zilizolika, huku makarani wamemsimamia wakiapa kwamba hakuna aliyeigusa. "Mashine zote hujiharibu zenyewe," huniambia. "Nikifa andikeni hivyo juu ya kaburi langu."

Karakana anayofanyia kazi iko chini ya jengo la maofisi, ngazi kumi na nne kutoka barabarani, na dirisha lake moja huonyesha viatu vya wapita njia tu. Mimi nilikuwa nimepanga chumba ghorofa ya pili ya jengo hilohilo, nikawa nateremka kwake kila mashine yangu ilipogoma, kisha hata ilipokuwa haijagoma. Nimeishi miji mingi, na nimejifunza kwamba ukitaka kuujua mji tafuta mtu anayetengeneza vitu vya wengine, kwa sababu yeye huingia kila mlango na hakuna anayejipamba kwa ajili yake.

Ilinichukua miezi mitatu kugundua kwamba Fundi alikuwa na kazi ya pili. Kwenye kona ya meza yake, kati ya bisibisi na magamba ya mashine, kulikuwa na kompyuta iliyosema. Ilisema kwa sauti ya bati, haraka haraka, kila alichokigusa kwenye skrini: "Faili. Fungua. Hifadhi." Nilimuuliza ni nini. Akasema, "Huyo ni Chiriku. Usimjali, hana adabu."

Habari za Chiriku zinaanza na shemeji yake. Fundi alipooa, mdogo wa mkewe alikuja kukaa nao. Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa aliyepoteza macho utotoni kwa homa, mwenye ulimi wa wembe, na amemaliza kozi ya upokeaji simu kwa alama za juu kuliko wote. Ofisi ya halmashauri ya mji ilikubali kumwajiri kwa sharti moja: awe na uwezo wa kusoma kompyuta. Programu za kuwasomea wasioona zilikuwapo, ila bei yake ilishinda ya kompyuta yenyewe, na zilitamka maneno yetu kama mtalii anayeuliza njia. Fundi hakuwa msomi wa kompyuta. Alinunua kitabu kinene kilichotumika, akakisoma mchana karakanani huku mashine zikipoa, na rafiki yake mmoja aliyefundisha hesabu chuoni akamsaidia pale kitabu kiliposhindwa kueleweka. Mwaka mmoja na nusu baadaye Chiriku alizungumza. Shemeji akapata kazi.

Wale wawili, Fundi na Mwalimu, hawakuuza kitu. Waliiweka programu mtandaoni iwe huria: anayetaka aichukue, aifungue, aone ilivyoshonwa ndani, airekebishe, ampe jirani. Watu waliichukua. Shule za wasioona, mwanasheria mmoja, mtangazaji wa redio, wazee walioanza kuona ukungu. Mtu fulani akashauri waweke mahali pa kuchangia, kwa ajili ya kulipia hifadhi ya programu mtandaoni. Wakaweka, na chini yake Fundi akaandika kwa mkono wake sentensi ambayo Mwalimu aliona ni ndefu mno: "Anayeandika programu hii halipwi wala hatalipwa kwa fedha hizi."

Nilimuuliza kwa nini aliandika hivyo. Alisema hakuna mtu wa mji huu ambaye hajawahi kuchangia chama kisha akamwona mwenyekiti na matairi mapya.

Baada ya miaka miwili chuo cha Mwalimu kikajitolea kuihifadhi programu bure. Gharama ikaisha, lakini michango haikuisha. Midogo midogo, ya hapa na pale, kama matone kwenye ndoo iliyosahauliwa uani. Kila mwaka wale wawili walijadili waifanyie nini. Mwalimu akisema watengeneze sauti ya pili, Fundi anauliza ya kwanza ina ubaya gani. Fundi akisema wanunue kompyuta za shule moja, Mwalimu anauliza kwa nini hiyo na si nyingine. Mwalimu alihamia nchi ya baridi, mjadala ukahamia kwenye simu. Mfuko ukafikia mshahara wa miezi saba wa fundi, bila kuguswa. Nadhani walianza kuuonea fahari. Nimeona watu wakijivunia vitu vingi, na fahari ya kutogusa ndiyo ngumu kuliko zote kuiponya, maana kwa nje inafanana na uadilifu, na mara nyingi ni uadilifu kweli.

Jumapili moja nilialikwa kula kwao. Shemeji alikuwa na miaka arobaini na mmoja sasa, amepanga chumba chake mwenyewe mtaa wa pili, na hufika kila Jumapili akiwa na mfuko wa matunda na habari za ofisini. Siku hiyo alikula nusu sahani kisha akaisukuma.

"Wanabadilisha mitambo," alisema. "Kompyuta zote na simu zote. Simu sasa itakuwa ndani ya kompyuta, ile mashine yangu ya vitufe inatupwa. Mkuu wa utawala kaniita mwenyewe. Kasema, mama, una wiki kumi, huyo mtu wako wa kuongea naye kama anaweza kuhamia kwenye kompyuta mpya, karibu. Kama hawezi, itabidi tuangalie."

"Waangalie nini?" dada yake akauliza.

"Waangalie mimi nikienda nyumbani, dada. Wataangalia nini kingine?"

Fundi aliuliza kompyuta hizo mpya ni za aina gani. Shemeji alikuwa ameshika majina na namba zote kichwani, akayataja kama anayesoma orodha. Aliijua programu yake. Kwa kompyuta zile alipaswa kuibomoa hadi msingi.

"Inawezekana?" shemeji akauliza.

"Inawezekana. Miezi miwili, nikifanya hiyo tu na nisifanye kingine."

"Basi si ufanye. Shemeji, wewe ukitaka kusifiwa husema miezi miwili, ukishaanza inakuwa mitatu."

Alicheka, na sote tukacheka, na mfuko wa matunda ukafunguliwa.

Miezi miwili ya kutofanya kingine ni miezi miwili bila mshahara. Fundi ana watoto wawili shuleni na kodi ya nyumba. Jumatatu alimwendea mwenye karakana, ambaye si mtu mbaya. Akamwambia, "Likizo bila malipo nakupa, hata kesho. Lakini zikifika wiki za mitihani, shule zote zinachapa, usiniombe hata nusu siku." Mitihani ilikuwa wiki saba mbele. Mchana huohuo Fundi akampigia Mwalimu, nami nilikuwa karakanani nikingoja mashine yangu, simu ikiwa wazi juu ya meza.

"Jilipe," Mwalimu alisema. "Mfuko upo. Chukua mishahara miwili, kaa nyumbani, andika."

"Kuna ile sentensi."

"Sentensi uliandika wewe. Ifute."

"Niifute mimi, nilipwe mimi?"

"Basi naifuta mimi. Huku ni asubuhi, nina kahawa mkononi, nafuta sasa hivi."

"Usifute. Watu walitoa wakiisoma."

"Walitoa miaka kumi iliyopita, ndugu yangu. Wengine hawakumbuki hata walikula nini jana."

"Ndiyo maana tuwakumbushe. Tuwaulize."

Mwalimu akasema polepole, kama anayemweleza mwanafunzi aliyemchosha, "Sawa. Andika tangazo moja, watumie wote leo, anayekataa aseme ndani ya siku tatu."

Mwalimu aliamini hilo ndilo walilokubaliana. Lakini Fundi alipofungua orodha ya wachangiaji alikuta si majina matupu. Kila mtu alipochangia aliacha maneno, na Fundi alikuwa ameyajibu yote, mmoja mmoja, tangu wa kwanza. Kulikuwa na mwanamke aliyetoa kwa niaba ya baba yake aliyependa magazeti. Wanafunzi wa darasa zima walikuwa wamechanga. Mtu mwingine alituma kiasi kilekile kila mwezi wa sita bila kueleza kwa nini. Walikuwa mia tatu themanini na sita.

"Mtu aliyekuandikia habari za baba yake," Fundi aliniambia, "unamtumia tangazo?"

Akaanza kuandika barua. Alimuuliza yule mwanamke hali ya baba. Aliwauliza wanafunzi wamefika wapi. Akaeleza habari za kompyuta mpya na za shemeji yake, bila kumtaja kuwa ni shemeji, kisha akaona kutomtaja ni udanganyifu, akazirudia barua hamsini na mbili zilizokwisha kwenda, akiomba radhi kwamba mtu anayeokolewa ni wa nyumbani kwake. Alitenga saa ya chakula na saa mbili baada ya kazi. Barua kumi kwa siku, zikienda vizuri. Likizo hakuichukua; alisema hawezi kukaa nyumbani kwa fedha ambayo bado hajaruhusiwa kuila.

Mkewe alipita karakanani siku moja kumletea funguo, akasoma moja juu ya bega lake. "Unaandika kama mtu anayeposa," akasema.

"Naomba ruhusa."

"Na wanaoposa ndicho wanachoomba."

Nilimwambia nami, kwa upole wa mgeni, kwamba wiki zinakwenda. Alinijibu kwamba ukijenga nyumba kwa udongo wa watu huwezi kuihamisha bila kuwaambia. Lugha zote ninazozisema zina maneno mengi ya kuomba na ya kushukuru; sijakuta hata moja yenye neno la aibu anayoipata mtu kwa kuwa na kitu alichopewa akashindwa kukitumia.

Majibu yalianza kuingia. Wengi hawakujibu kabisa. Barua zaidi ya mia zilirudi kwa sababu anwani zilikuwa zimekufa. Baba wa yule mwanamke naye alikuwa amekufa, na Fundi akaandika rambirambi, barua ndefu. Waliojibu walikuwa sabini na mmoja. Watatu waliuliza kama wanaweza kurudishiwa. Sitini na saba walisema, kwa namna hii au ile, lipwa, ungelipwa zamani, unatuuliza nini. Na mmoja akasema hapana.

Alikuwa mkaguzi mstaafu wa hesabu, mtu aliyetuma kila mwezi wa sita. "Nilichangia kwa sababu mliandika hakuna atakayelipwa," aliandika. "Maisha yangu yote nimekagua mifuko ya watu wema, na kila mmoja alikuwa na sababu nzuri."

Fundi aliichapa barua hiyo, akaibandika juu ya meza kwa gundi ya karatasi. Sitini na saba hakuwabandika. Mwalimu alipiga simu mara mbili kwa siku moja. "Sitini na saba kwa mmoja!" alisema, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akipaza sauti. Fundi akajibu kwamba mkaguzi ndiye pekee aliyeisoma ile sentensi. Akamwandikia mkaguzi, akaeleza upya. Siku nne bila jibu. Akaandika tena. Siku tisa. Wiki ya sita ikaisha hivyo, na ya saba ikaanza na malori ya karatasi za mitihani mlangoni.

Jibu la mkaguzi lilikuja Jumatano ya wiki hiyo. Alikuwa amekwenda kumwona binti yake na huko hakuwa na mtandao. "Sikuwa nakuzuia," aliandika. "Nilikuwa nasema ninachofikiri, kwa kuwa uliniuliza. Nilidhani ulishaanza kazi zamani. Endelea, tafadhali."

Nilikuwapo alipoisoma. Aliibandua ile barua ya kwanza, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Kisha akarudi kwenye mashine ya shule moja iliyokuwa imefunguliwa matumbo mezani, maana iliyofuata ilikuwa inangoja, na nyuma yake kulikuwa na nyingine sita.

Alifanya alichoweza. Alfajiri kabla ya kazi, saa za chakula, Jumapili nzima tatu. Mwalimu naye aliandika kwa upande wake, ila miaka mingi alikuwa hajaigusa programu, na kila alichorekebisha kilivunja kingine. Wiki ya kumi Chiriku alizungumza kwenye kompyuta mpya. Alisoma barua, akasoma orodha ya majina, akasoma hata tarehe. Kilichomshinda ni dirisha moja tu, lile la simu, ambalo maandishi yake yalikuwa michoro, si herufi. Simu ilipoingia, mahali ambapo shemeji alihitaji kusikia nani anapiga na anamtaka nani, Chiriku alisema, "Picha. Picha. Picha."

Siku ya kubadilisha, Fundi alikwenda mwenyewe. Chumba cha simu kilikuwa kidogo, chenye zulia la kijivu na alama nne zilizodidimia pale mashine ya zamani ilipokaa miaka ishirini. Shemeji alikaa wima, vidole juu ya vitufe, kisikilizi sikioni. Simu ya kwanza ikaingia. Picha. Ya pili. Picha. Aliipokea ya tatu kwa kubahatisha, akasema kwa sauti yake ya kazini, ambayo ni nzuri sana, "Halmashauri ya mji, habari za asubuhi," mpigaji akamtaja anayemtaka, naye hakuweza kumuunganisha, kwa sababu majina ya kuchagua yalikuwa kwenye skrini na skrini ilikuwa picha. Mkuu wa utawala alisimama mlangoni muda wote. Hakuwa na haraka, hakumkaripia mtu. Aliuliza itachukua muda gani zaidi. Fundi akasema wiki tano, labda sita. Mkuu akasema samahani sana, simu ya mji haiwezi kungoja wiki sita.

Wakamstaafisha kabla ya umri, kwa barua ya heshima. Kijana wa zamu ya mchana akakalia kiti hicho siku ileile.

Mfuko ulikuwa bado mzima. Ruhusa ilikuwapo, na kazi iliyobaki haikuwa na wa kusubiri tena. Mwalimu alishauri mambo mawili: Fundi aichukue fedha amalizie programu kwa ajili ya wengine, au watafute kijana wa kumlipa aimalizie. Walitangaza. Wawili waliuliza, mmoja alitaka mara tatu ya kilichokuwapo, mwingine akaifungua programu, akaiangalia siku mbili, akaandika kwamba hiyo si programu, ni kabati la mtu, mwenyewe tu ndiye ajuaye kitu kilipo. Fundi mwenyewe alikaa mbele ya kompyuta mara kadhaa, nikamwona. Mikono ilikuwa juu ya vitufe na haiandiki.

Jumapili moja akaja na wazo lake. Tulikuwa jikoni kwao, shemeji akikausha vyombo. Hakuacha kuja Jumapili, ila habari za ofisini hakuwa nazo tena.

"Shemeji," Fundi alisema, "ule mfuko tumeafikiana na Mwalimu. Tunataka tukupe wewe."

Aliendelea kukausha sahani. "Mnipe kama nani?"

"Kama wewe. Uanzie kitu."

"Wachangiaji umeshawauliza?"

Mkewe aliyekuwa mlangoni alisema, "Mdogo wangu, basi."

"Siyo basi, dada. Nauliza kwa sababu najua anapenda kuuliza." Aliweka sahani juu ya nyingine, bila kishindo. "Uliandikia watu mia tatu usiowajua. Ukamuuliza mmoja hali ya baba yake, mwingine amefika darasa la ngapi. Mkaguzi wa watu ukamngoja siku tisa. Mimi nilikuwa hapa. Kila Jumapili nilikuwa hapa, kwenye kiti hiki, nakula na wewe meza moja. Mimi hukuniuliza."

"Nikuulize nini?"

"Uniulize kama nina muda wa kungoja ukiwa mtu mwema."

Maji ya bombani yalikuwa yakidondoka, mkewe akaenda akayafunga. Fundi alisema, "Ningekuuliza ungesemaje?"

"Ningesema chukua, andika, anayekasirika mlete kwangu nizungumze naye. Kazi yangu ilikuwa nini miaka yote hiyo? Kuzungumza na watu waliokasirika."

Alipangusa mikono, akaomba fimbo yake, akaondoka kabla ya chai. Fundi alimfuata hadi ngazini akitaka kumshika mkono, na sikusikia walichosema, kama walisema chochote. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile iliyofuata. Sasa ni dada yake anayempelekea matunda, chumbani kwake.

Fedha zile wameamua kuzirudisha. Huo ndio uamuzi wa mwisho wa Fundi na Mwalimu, na Mwalimu alikubali kwa neno moja, kisha hakupiga tena. Kurudisha si rahisi. Nusu ya wachangiaji hawapatikani, akaunti za wengine zimefungwa, wanaopatikana wengi wanasema kaa nazo. Fundi anaandika kumweleza kila mmoja kwa nini hawezi kukaa nazo. Anaandika saa ya chakula na saa mbili baada ya kazi. Kwenye ukurasa wa programu ameweka mstari kwamba Chiriku haendelezwi tena, na wasioona waliouona mstari huo, yaani walioupata kwa sauti ya Chiriku mwenyewe, wamemwandikia kuuliza sasa watumie nini. Hao hajajua awajibu vipi, kwa hiyo amewaweka kando.

Nilipokwenda kumuaga, kwa kuwa kodi yangu ilikuwa imeisha na nina mji mwingine wa kwenda, nilimkuta ameduwaa mbele ya skrini. Alikuwa amesahau kuondoa mahali pa kuchangia. Mtu asiyemjua, kutoka mji asioujua, alikuwa ametuma kiasi kidogo asubuhi hiyo, na maneno mawili: "Asanteni. Endeleeni."

Nilimuuliza atafanyaje. Alisogeza kiti karibu na meza, akafuta vitufe kwa kitambaa cheusi kama vidole vyake, akasema itabidi amwandikie kwanza.